Mvivu wa Kabatini

Barua ilifika Jumanne, na hadi leo sijui kwa nini niliifungua mbele ya msaidizi wangu Careen. Kwa miaka ishirini na mbili majibu ya vipimo vya mionzi yamekuwa yakija hospitalini kwetu kama salamu za sikukuu, unajua yaliyomo kabla hujafungua bahasha. Nilikuwa nimezoea kuyasoma kwa sauti, tena kwa madaha kidogo, ili vijana wajue wanafanya kazi na nani. Siku hiyo nilisoma mstari wa kwanza, nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena.

"Vipi, bosi?" Careen akauliza.

"Vibaya," nikasema. "Mvivu amechapa kazi."

Mimi ni Hironimus Luambano, mkuu wa chumba cha eksirei katika hospitali moja hapa Songea. Mimi pia ndiye msimamizi wa usalama wa mionzi, cheo ambacho hakina kiti wala mlango, kina lawama tu. Kila anayefanya kazi na ile mashine huvaa kifuani kipimo kidogo cha plastiki, mfano wa beji. Hakimkingi na chochote. Kinahesabu tu mionzi iliyompata. Kila baada ya miezi mitatu tunavikusanya na kuvituma maabara, nao wanatuandikia nani kapata kiasi gani.

Pamoja na vya kwetu huja kipimo kimoja kisicho na mwenyewe. Hicho kazi yake ni kukaa mbali na mashine, ili maabara wajue ardhi, jua na safari ya basi vimechangia kiasi gani, halafu wakiondoe kiasi hicho kwenye vipimo vya watu. Kinakaa ndani ya bahasha, ndani ya kabati la ofisini kwangu, miezi mitatu mfululizo, hakifanyi lolote. Sisi tunakiita Mvivu.

Sasa barua ilisema Mvivu amepata milisiveti moja nukta sita za mionzi. Mimi na Careen, tunaopiga picha kutwa, tulikuwa na sifuri. Tena hata hiyo sifuri tulipewa kwa huruma, maana walipoondoa cha Mvivu kwenye cha kwetu tukabaki na deni. Mwishoni waliandika kwa adabu sana: tafadhali toeni maelezo, na mkaguzi atafika baada ya wiki mbili.

Nakiri nina hasira za karibu. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja uso. Nilimgeukia Careen, mtoto wa watu, mwaka wake wa pili tu kazini, nikamuuliza kama aliwahi kumwingiza Mvivu kwenye chumba cha eksirei. Akasema hapana. Nikamuuliza kama ana hakika. Akasema anayo. Nilipouliza mara ya tatu, akaweka kalamu chini.

"Bosi, ufunguo wa kabati unatundikwa nyuma ya kalenda yako. Mimi kalenda yako hata siigusi, maana ukikuta imekaa upande unanuna mpaka jioni."

Hilo lilikuwa kweli, nikazidi kukasirika. Nilichukua mashine ya kupimia mionzi nikapima kabati, ukuta, sakafu, na kwa kuwa nilikuwa nimeshachanganyikiwa, nikapima na birika la chai. Hakuna kitu. Ndipo nikafungua kabati ili nimtoe Mvivu mwenyewe, yule wa awamu mpya, nimwangalie usoni.

Juu ya bahasha kulikuwa na korosho za kukaanga, zimefungwa kwenye karatasi ya daftari. Hazikunishangaza. Tangu mwanzo wa mwaka nilikuwa nikizikuta pale mara moja moja, nami nilijiambia ni Sista Kunegunda, katibu wa hospitali, ananishukuru kimyakimya kwa utendaji wangu. Sikuwahi kumuuliza. Nilikuwa nazila na chai ya saa nne, na mkono wangu ulikuwa umeshazifuata hata siku ile nilipofungua bahasha na kukuta ndani yake kipande cha boksi la sabuni, kimekatwa vizuri kwa ukubwa wa kipimo.

Mvivu hakuwemo. Nikabaki nimeshika korosho, na taratibu akili ikaanza kurudi. Hospitali nzima kuna mtu mmoja tu anayekaanga korosho kwa chumvi nyingi namna ile.

Mzee Daimu ni Myao wa Nakapanya, huko Tunduru. Kwenye orodha ya hospitali ameandikwa mhudumu wa mapokezi. Anasukuma vitanda, anaelekeza wagonjwa, anafungua geti mlinzi akienda kula. Lakini kazi aliyojulikana nayo mji mzima ilikuwa nyingine: Mzee Daimu alikuwa anashika watoto. Mtoto mwenye kichomi anahitaji picha ya kifua, na picha ya kifua inahitaji mtoto atulie, na mtoto wa miaka miwili akiiona ile mashine yetu anatulia akiwa amelala tu. Mama yake mara nyingi ni mjamzito, na wajawazito niliwakataza mimi mwenyewe kuingia mle. Basi siku moja, miaka sita iliyopita, nilimwita mtu aliyekuwa karibu. Nilimwambia, "Mzee Daimu, nishikie huyu mara moja."

Hiyo mara moja ilikuwa haijaisha. Alikuwa na namna yake. Anamshika mtoto mikono juu, anamtazama machoni, anahesabu Kiyao polepole mpaka nne na tano. Akisema "mcheche," mtoto anavuta pumzi. Akisema "msano," Careen anabonyeza. Hatukuwahi kurudia picha. Aproni nzito ya madini ya risasi aliikataa siku ya kwanza, akisema inawatisha watoto, nami sikubishana naye kwa sababu picha zilikuwa zinatoka safi.

Tena Daimu ni mtani wangu. Mngoni na Myao, mnajua wenyewe. Alishanichukulia kofia, akanichukulia mwavuli, siku moja aliketi kwenye kiti changu akapokea wageni wa wizarani. Mtani akichukua anaacha kitu, nawe ukikipokea huna kesi. Ndiyo maana nilipotoka ofisini kumtafuta nilikuwa najua kwamba nimeshashindwa, na bado nilikuwa nakimbia.

Nilimkuta kwenye korido na kiti cha magurudumu kitupu.

"Mtani, fungua koti."

"Mbele za watu?"

"Fungua."

Akafungua vifungo viwili. Mvivu alikuwa amebanwa kwenye shati, upande wa moyo, ametulia zake.

"Umeniibia," nikasema.

"Mngoni anaibiwa?" akaniuliza kwa mshangao. "Babu zako walitoka huko kusini na ngao na mkuki, basi. Vingine vyote walivikuta kwa watu. Mimi sichukui, narudisha. Halafu niliacha korosho. Hukuzila?"

Nikaficha mkono uliokuwa na korosho.

"Umekula, umekubali. Yameisha hayo."

"Hayajaisha! Maabara wameandika barua. Mkaguzi anakuja. Miaka ishirini na mbili sijawahi kuulizwa swali, leo naulizwa kwa ajili ya korosho! Kama ulikitaka, kwa nini hukuniomba?"

Hapo akaacha utani. Ulimwondoka usoni mara moja.

"Nilikuomba," akasema. "Mwaka jana, mfungo wa Ramadhani. Nilikuja pale mlangoni kwako nikasema, mtani, na mimi nipatieni kipimo. Ukasema, wewe Myao kipimo cha nini, mionzi yenyewe inakukimbia. Careen akacheka. Na mimi nikacheka."

Nilikumbuka. Nilikumbuka hata nilivyojisikia mtu wa maneno siku ile.

"Mke wangu Mwanahawa ananiuliza kila nikirudi nyumbani," akaendelea. "Ananiambia, baba Chiku, leo umeingia mle mara ngapi? Umekula mionzi kiasi gani? Wallahi sina la kumjibu. Nyie mnahesabiwa. Mashine inahesabiwa. Hata hiki kinacholala kabatini kinahesabiwa. Nikasema basi, na mimi nijihesabu. Siku ya kuvituma nilikuwa nakirudisha, hakijapotea hata siku moja."

Niliona aibu, na aibu yangu ina tabia ya kuja na joto masikioni. Nilikaa kwenye kile kiti cha magurudumu kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu, yeye akabaki amesimama nyuma yangu kama muuguzi, na nikamweleza pale pale.

"Kuna mistari miwili," nikasema. "Sisi tunaofanya kazi ya mionzi, mwisho wetu ni milisiveti ishirini kwa mwaka. Mwananchi wa kawaida mwisho wake moja."

"Kwa nini wao moja?"

"Kwa sababu hawakuichagua hiyo kazi, hawakufundishwa, na hakuna anayewapima."

"Na mimi nimepata ngapi?"

"Moja nukta sita. Kwa miezi mitatu."

Akapiga hesabu kimya.

"Sasa mimi ni nani? Mfanyakazi au mwananchi?"

Kwenye mashine alikuwa mfanyakazi kila siku ya Mungu. Kwenye karatasi alikuwa mwananchi aliyepita njia, akaombwa msaada kwa miaka sita.

Nilikwenda kwa Sista Kunegunda mchana ule ule. Sista ni Mmatengo wa Mbinga, mwembamba, na sauti hajawahi kuipandisha kwa sababu hajawahi kuhitaji. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akavuta kitabu cha kanuni za hospitali akanigeuzia ukurasa.

"Kuchezea kifaa cha usalama ni kufukuzwa kazi," akasema. "Sikuiandika mimi, imeandikwa na bodi. Kama Mzee Daimu alikitoa kipimo kabatini, sina pa kumficha. Nataka barua yako ya maelezo kesho asubuhi, Hironimus. Nitaituma kama ilivyo."

Nilirudi ofisini nikafunga mlango. Jamani, ile barua niliyoiandika ilikuwa nzuri. Nilisema kwamba wakati wa usafi kipimo kilidondoka kwa bahati mbaya, kikaokotwa, na kwa kutojua kikawekwa kwenye chumba cha eksirei, ambako kilikaa sakafuni nyuma ya stendi kwa muda usiojulikana. Hakuna mtu aliyetajwa. Hakuna aliyeumia. Daimu amepona, mimi nimepona, hata Mvivu ametoka na heshima yake. Nilijipongeza nikaenda kumwonyesha, nikimtarajia anishukuru.

Alikuwa nyuma ya jengo la wagonjwa wa nje, ametoka kuswali alasiri, anavaa viatu. Aliisoma barua kwa kidole, mstari kwa mstari, na mimi nilisubiri nikitabasamu kama bwana harusi.

"Kwa hiyo hiyo moja nukta sita ni ya sakafu," akasema.

"Ndiyo. Kazi yako iko salama, mtani."

"Na mimi nimepata ngapi?"

"Kwenye karatasi hujapata kitu."

"Basi Mwanahawa nikamwambie nini? Kwamba ni sakafu ndiyo imeshika watoto?"

Nilimweleza kuhusu bodi. Nilimweleza habari za kufukuzwa. Aliikunja barua mara mbili, akanirudishia kwa mkono wa kulia na wa kushoto ukiwa umeshika kiwiko, kwa heshima zote, na hiyo heshima ndiyo iliyoniuma, maana watani hawapeani.

"Andika unavyojua, Mzee Hironimus," akasema. "Kazi naitaka, bado nasomesha. Lakini kuwa sakafu siwezi."

Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuniita Mzee Hironimus. Nilifika nyumbani nikala ugali bila kuhisi ladha, na mke wangu Lidwina aliponiuliza nina nini nikamjibu vibaya, halafu nikamwomba radhi, halafu nikamsimulia yote. Aliniuliza swali moja tu: "Ingekuwa wewe ndiye uliyeshika hao watoto, ungekubali?" Sikuwa na haja ya kufikiri. Mimi ningepeleka malalamiko mpaka Dodoma.

Asubuhi nilifika kabla ya Careen, nikachukua daftari la picha nikahesabu. Watoto wa chini ya miaka mitano walioshikwa ndani ya ile miezi mitatu walikuwa mia tatu tisini na mmoja. Nilihesabu mara mbili. Kisha nikaichana barua nzuri na kuandika mbaya.

Niliandika kwamba Daimu Abdulswamadu ameshika watoto kwa miaka sita kwa agizo langu. Niliandika kwamba hakufundishwa, hakuorodheshwa, na aproni hakuvaa nami nikimwona. Niliandika kwamba aliniomba kipimo nikamjibu kwa mzaha. Niliandika kwamba ufunguo wa kabati unakaa nyuma ya kalenda, na kwamba humo ndimo alimotoa kipimo akakivaa. Mkono ulikuwa mzito, lakini kila mstari ulipoisha nilijisikia mwepesi kidogo.

Sista Kunegunda aliisoma amesimama.

"Unajua bodi wakiiona hii?"

"Najua, Sista."

"Na utani umeuandika humu?"

"Nimeandika."

"Na korosho?"

"Na korosho, Sista. Nilidhani zinatoka kwako."

Sista ambaye katika miaka tisa sijawahi kumwona akicheka alijifunika mdomo kwa barua yangu, akageukia dirishani, mabega yakawa yanamtikisika. Alipogeuka alikuwa ameshakuwa Sista tena. Aliipiga muhuri.

Mkaguzi alikuwa binti mdogo kuliko nilivyotarajia, Nasrin jina lake, amevaa hijabu ya kijivu na begani ana begi kubwa la vifaa. Aliniamkia shikamoo, akamwamkia Daimu, akamwamkia Sista, halafu baada ya hapo hakuwa na mzaha na yeyote. Alipima kuta. Alipima mlango. Aliomba ndoo ya plastiki yenye maji, akaiweka pale tunapomweka mtoto, akaeleza kwamba maji yanatawanya mionzi karibu sawa na mwili wa mtoto. Kisha akamwambia Daimu aonyeshe anaposimama.

Daimu akaenda akaikamata ile ndoo pande mbili, akaitazama kwa upole, akaanza kuhesabu Kiyao.

"Mcheche," akasema, na Careen, kwa mazoea tu, mkono wake ukaenda kwenye kitufe.

"Acheni!" Nasrin akapiga kelele. "Mzee, toka hapo! Dada, toa mkono!"

Tulitoka wote, na mama mmoja wa Mpitimbi aliyekuwa kwenye benchi na mwanawe akauliza ile ndoo inaumwa nini. Nasrin akaweka kifaa chake mahali pa kifua cha Daimu, mlango ukafungwa, picha ikapigwa mara tano, akasoma, akaandika, akaniomba idadi ya watoto. Nikampa. Akazidisha kwenye simu yake.

"Inakuja moja nukta sita," akasema, akanitazama kwa mara ya kwanza kama mtu. "Kipimo hakikudanganya, wala wewe hukudanganya. Wengi ninaowakagua huwa wananiambia kilidondoka."

Nilikohoa.

Baadaye tulikaa ofisini kwa Sista, watu watano na viti vinne, Daimu akasimama mlangoni. Nasrin alikuwa anajaza fomu. Alifika kwenye mstari wa sababu ya tukio akainua kalamu.

"Nimesoma barua yenu mara tatu," akasema. "Baba yangu Myao wa Tunduru. Mama yangu Mngoni, wa hapo Mpitimbi. Mmenituma nikaandike kwa Kiserikali ugomvi wa nyumbani kwetu."

Daimu akasema kutoka mlangoni, "Andika Mngoni ndiye mwenye makosa. Baba yako atafurahi."

"Nyamaza, baba," Nasrin akamwambia, lakini alikuwa anacheka. Kisha akaacha kucheka akaanza kuandika, na aliandika dakika nyingi. Mimi nilikuwa namtazama Daimu mikono. Ilikuwa imeshikana mbele yake, na vidole vilikuwa vinajihesabu vyenyewe, kimoja kimoja mpaka cha tano, halafu vinaanza upya.

Alipomaliza alimpa Sista. Sista akavaa miwani akasoma kwa sauti.

"Mhudumu Daimu Abdulswamadu alifanya kazi ya mionzi bila kuorodheshwa, bila kufundishwa na bila kupewa kipimo. Mwenye wajibu huo alikuwa msimamizi, ambaye anapewa onyo la maandishi. Mhudumu hakuchezea kifaa cha usalama. Alitumia kifaa alichostahili kupewa."

Sista alirudia sentensi ya mwisho peke yake, polepole, kisha akakifunga kitabu cha kanuni kilichokuwa wazi mezani na kukirudisha kwenye rafu. Mimi nilikuwa nimepewa onyo la kwanza maishani mwangu na nilijisikia kama mtu aliyezawadiwa baiskeli.

"Kiasi cha miaka sita nitakikadiria kiingie kwenye jina lake," Nasrin akasema. Akamgeukia. "Baba, kwa mwaka unapata sita na kitu. Kwa mfanyakazi uko ndani ya mstari, mbali kabisa. Mstari wenyewe haujawekwa pale ugonjwa unapoanza, umewekwa nyuma sana, kwa makusudi. Mwambie mama nyumbani alale usingizi. Lakini kwa mwananchi ni mara sita, na hiyo haikubaliki. Kuanzia leo wewe ni mfanyakazi wa mionzi, utapata mafunzo na kipimo chako. Na watoto hushiki tena."

Daimu alikuwa ametabasamu mpaka hapo.

"Nisishike?"

"Hakuna mtu anayeshika kila siku. Atashika baba wa mtoto, au shangazi, mara moja, na aproni mwilini. Na tengenezeni kiti."

Kiti kilitengenezwa na fundi seremala wa Bombambili aliyejifunzia kazi kwa watawa wa Hanga. Kina mgongo ulionyooka na mikanda laini, na Lidwina alikishonea mto wa kitenge. Wiki ya kwanza ilikuwa balaa. Watoto walilia mpaka wagonjwa wa kitengo cha macho wakaja kuchungulia. Tulirudia picha, jambo ambalo kwangu ni sawa na kulamba sakafu. Daimu alikuwa amesimama nyuma ya kile kioo kizito pamoja na Careen, mikono mifukoni, ana huzuni ya mtu aliyenyang'anywa jembe msimu wa mvua.

Siku ya nane aliletwa mtoto mmoja wa kiume, Abuu, miaka mitatu, aliyewahi kupigwa picha kwetu mwaka mmoja kabla. Aliwekwa kwenye kiti, baba yake amevaa aproni amemshika bega. Mtoto akavuta pumzi ili alie, ndipo akamwona Daimu nyuma ya kioo. Daimu akainua kidole kimoja. Halafu cha pili. Abuu akanyamaza akitazama vidole, kinywa wazi. Cha tatu. Cha nne, akajaza kifua mpaka mashavu yakavimba.

"Msano!" akapiga kelele Abuu mwenyewe, na kwa kuwa amepiga kelele picha ikaharibika, na baba yake akacheka, na sisi nyuma ya kioo tukacheka mpaka Careen akakaa chini. Ya pili ilitoka safi kama maji ya mlima Matogoro. Tangu siku hiyo Daimu anahesabu kwa vidole nyuma ya kioo, amevaa kipimo chake juu ya koti, mahali kila mtu anapokiona. Mtaani wanasema amepandishwa cheo, naye hajawahi kuwasahihisha.

Majibu yalifika mwezi wa kumi na mbili, mvua imekwisha kuanza. Safari hii niliifungua barua mbele ya wote wawili na kuisoma kwa sauti. Luambano, Hironimus, sifuri nukta mbili. Careen sifuri nukta mbili. Halafu mstari mpya.

"Abdulswamadu, Daimu. Sifuri nukta moja."

"Kidogo hivyo?" akauliza Daimu, amekasirika kidogo.

"Ndiyo uzuri wake. Hujapata kitu."

"Lakini jina lipo?"

"Lipo. Hili hapa."

Akasogea akaweka kidole juu yake. "Soma tena," akasema.

Nikasoma tena. Akaomba nimtolee nakala ampelekee Mwanahawa, nikamtolea mbili, na alipokuwa anazikunja niliona macho yake yana maji. Niliangalia pembeni. Macho yangu nayo hayakuwa makavu, na nina sifa za kulinda.

"Ahsante, Mngoni," akasema.

Alipotoka nikafungua kabati, ambalo sasa lina kufuli mpya, na ufunguo nauvaa shingoni pamoja na rozari. Mvivu alikuwemo kwenye bahasha yake, amelala. Nikageuka, nikaona kwenye meza yangu, katikati ya karatasi, korosho zimefungwa kwenye karatasi ya daftari. Safari hii nilizitazama kwanza. Nilihesabu kila kitu changu: miwani, kalamu, kofia, kalenda. Nje mvua ilikuwa inanyesha kama inamwagwa kwa ndoo. Nikatazama nyuma ya mlango, pale ninapotundika mwavuli, pakawa patupu, na kupitia dirishani nikamwona Mzee Daimu akikata uwanja kuelekea getini, mkavu, akitembea polepole ili nimwone vizuri.

Nikavuta kiti, nikafungua ile karatasi, nikala.